Kuhesabu Wasio na Nyumba

Natumaini mmekwisha kuketi, wazee wamepata viti vyao na watoto wamesogea karibu, maana jioni hii nataka kusema nanyi habari za hesabu. Msiogope. Sitasema hesabu za kujumlisha na kugawanya, zile ziwatoazo jasho watoto wa shule. Nitasema hesabu za namna nyingine, zile ambazo serikali huzikusanya juu ya watu wake, na ambazo wenye elimu huziita takwimu. Tena hesabu zenyewe zahusu watu walio dhaifu kuliko wote, yaani watu wasio na nyumba.

Mfano wangu nitautwaa Uingereza, kwa sababu mbili. Kwanza, nchi ile imewahesabu watu wa namna hii kwa miaka mingi, na hesabu zake zatangazwa wazi, kila apendaye aweza kuzisoma. Pili, wako wengi kwetu wanaodhani kwamba nchi yenye mali haiwezi kuwa na mtu alalaye njiani. Na nisemapo Uingereza, fahamuni kwamba nasema England tu, bila Scotland wala Wales wala Ireland ya Kaskazini, kwa kuwa nchi hizo huhesabu watu wao mbalimbali, kila moja kwa njia yake. Hilo nalo ni jambo la kuangaliwa kabla ya jingine lolote: hesabu hii ni ya nchi gani, na mpaka wake uko wapi?

Basi sikilizeni. Mwezi wa Desemba mwaka 2023, chama kimoja cha kuwasaidia wasio na nyumba, kiitwacho Shelter, ambacho kiliundwa mwaka 1966, kilitangaza kwamba watu wasio na nyumba katika nchi ile walikuwa wapata 309,000. Miezi miwili baadaye, Februari 2024, serikali ilitoa hesabu yake ya watu waliokuwa wakilala nje usiku mmoja wa mwisho wa mwaka 2023. Idadi yao ilikuwa 3,898.

Tazameni hesabu hizo mbili. Nchi ni moja, majira ni yale yale, lakini hesabu moja ni kubwa kuliko mwenziwe karibu mara 80. Msomaji wa gazeti aliye na haraka atasema, "Hapana budi mmoja wao ni mwongo." Akiwa anaipenda serikali atasema chama kimetia chumvi. Akiwa haipendi atasema serikali imeficha watu. Nami nasema kwamba hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Kila mmoja alijibu swali lake, na maswali yenyewe hayakuwa sawa.

Hilo ndilo jambo nitakalo mlichukue jioni hii. Hesabu ni jibu, na asiyelijua swali hawezi kulifahamu jibu. Mtu akikuambia, "Watano," hukupata habari yoyote mpaka ujue kama umeulizwa watoto, au mbuzi, au siku za safari. Kwa hiyo, kila mnapoona hesabu kubwa imeandikwa kwa wino mweusi juu ya karatasi ya serikali, yafaa mwiulize maswali manne. Nitayaeleza moja moja.

Swali la kwanza ni hili: Ni nani aliyeitwa "asiye na nyumba"?

Katika hesabu ile ya 3,898 walihesabiwa walalao nje tu. Serikali imeeleza maana ya neno hilo kwa uangalifu. Ni watu waliokwisha kujilaza, au walio karibu kujilaza, mahali pa wazi, kama barabarani, katika bustani, mlangoni pa duka, chini ya paa la kituo cha basi, au katika hema. Tena ni watu walalao mahali pasipojengwa kwa kukaliwa, kama ndani ya motokaa, au ghalani, au katika kituo cha gari la moshi. Lakini mtu aliyepewa kitanda usiku ule katika bweni la maskini hakuhesabiwa. Wala hakuhesabiwa mtu aliyeingia kukaa katika nyumba tupu isiyo yake. Wala kijana alalaye sakafuni kwa rafiki yake, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Sheria ya Uingereza, kwa upande wake, ina maana pana zaidi. Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria iliyoyapa mabaraza ya miji na wilaya wajibu wa kuwapatia makao baadhi ya watu wasio na nyumba. Kwa sheria ya nchi ile, mtu huhesabiwa kuwa hana nyumba asipokuwa na mahali ambapo ana haki ya kukaa, au akiwa na mahali ambapo si haki kumtaka aendelee kukaa. Mwanamke apigwaye na mumewe ana kuta nne na paa juu ya kichwa chake, lakini sheria yasema hana nyumba, maana hawezi kurudi mle kwa amani. Nadhani wengi wenu mtakubali kwamba sheria hapo imesema kweli.

Sasa, mtu wa namna hiyo, hasa akiwa na watoto, hupewa na baraza makao ya muda. Pengine ni vyumba viwili katika jengo la kupangisha, pengine ni chumba kimoja cha hoteli ambamo mama na watoto watatu hulala, hula na kufanya kazi za shule juu ya kitanda kile kile. Hao hawalali nje. Huwaoni njiani upitapo. Lakini nyumba hawana. Tarehe 31 Machi 2024, jamaa waliokuwa katika makao ya muda katika England walizidi 117,000, na watoto waliokuwa pamoja nao walizidi 150,000. Na sehemu kubwa ya wale 309,000 waliotajwa na Shelter walikuwa ni watu wa makao ya muda. Basi mwaona jinsi hesabu zile mbili zinavyoweza kuwa kweli zote pamoja. Moja yasema habari za walalao chini ya mbingu, na nyingine yasema habari za wote wasio na mahali pa kupaita kwao.

Angalieni tena jambo dogo lililojificha humo. Nimesema "jamaa" 117,000, sikusema "watu." Serikali hapo huhesabu kaya, yaani watu wakaao pamoja kama nyumba moja, awe ni mtu mmoja pweke au mama na watoto saba. Mwenye kusahau hilo akisoma 117,000 atadhani ni vichwa 117,000, naye atakuwa amewaacha nje watoto wote.

Sisi wa Afrika ya Mashariki twapaswa kulifahamu jambo hilo upesi kuliko wengine, maana babu zetu walihesabiwa kwa vibanda. Katika Kenya kodi ya vibanda ilianza kutozwa mwaka 1901. Mkusanya kodi alihesabu vibanda, hakuhesabu watu. Watu nao wakatambua. Mahali pengi wakajikusanya wengi katika kibanda kimoja ili walipe kodi moja. Aliyesoma daftari aliona vibanda vichache, labda akadhani watu ni wachache. Lakini watu hawakupungua, walibanana tu. Kitu kinachohesabiwa ndicho kinachoonekana, na kisichohesabiwa huwa kama hakipo.

Marekani nako hali ni hiyo hiyo. Mwezi wa Januari mwaka 2024 wizara ya nyumba ya nchi ile ilihesabu wasio na nyumba kwa usiku mmoja, waliolala nje na waliolala katika mabweni, ikapata 771,480. Lakini shule za Marekani hufuata sheria nyingine, ambayo humhesabu hata mtoto ambaye wazazi wake wamepoteza nyumba yao wakaenda kubanana kwa ndugu. Tena shule huwahesabu watoto kwa mwaka mzima wa masomo, si kwa usiku mmoja. Katika mwaka wa masomo wa 2022 hadi 2023 wanafunzi wa namna hiyo walizidi 1,300,000. Wanafunzi peke yao wakawa wengi kuliko watu wote wa hesabu ile ya kwanza! Aliyeuliza "Ni nani?" hatashangaa. Asiyeuliza atadhani Wamarekani hawajui kuhesabu.

Swali la pili ni hili: Hesabu hii ni ya wakati gani, na ni ya muda gani?

Fikirini kivuko. Ukifika pwani saa nne ya asubuhi ukahesabu watu waliokaa wakingoja chombo, huenda ukapata 30. Lakini ukikaa pale kutwa nzima ukamwandika kila mtu avukaye, huenda ukapata 600. Watu 30 ni kweli, na watu 600 ni kweli. Hesabu ya kwanza yakuonyesha ukubwa wa banda la kungojea linalohitajiwa. Hesabu ya pili yakuonyesha ni watu wangapi ambao maisha yao yanapitia pale.

Ndivyo ilivyo katika mji wa London. Katika hesabu ile ya usiku mmoja ya mwisho wa mwaka 2023, walalao nje London walikuwa 1,132. Lakini mji ule una daftari jingine pia. Wako wafanyakazi ambao kazi yao ni kuzunguka usiku, wakiwatafuta walalao nje na kusema nao, na kila mtu wamwonaye humwandika. Mwishoni mwa mwaka majina huunganishwa, ili mtu asihesabiwe mara mbili. Tangu Aprili 2023 hata Machi 2024, watu walioandikwa katika daftari hilo walikuwa 11,993. Ni zaidi ya mara kumi ya hesabu ya usiku mmoja. Na kadiri ya wawili katika kila watatu walikuwa hawajapata kuonekana wakilala nje mbele ya mwaka ule.

Hapo pana funzo. Mtu atazamaye usiku mmoja tu atadhani walalao nje ni kundi dogo la watu wale wale, waliozoea, wasiotaka kuondoka. Mtu atazamaye mwaka mzima ataona mto upitao: huyu amefukuzwa na mwenye nyumba mwezi wa Juni, yule ametoka gerezani mwezi wa Septemba, mwingine ameachana na mkewe akalala nje siku tatu, kisha akapata mahali. Dawa ya ziwa si dawa ya mto. Anayetaka kukausha mto yampasa apande hata chemchemi.

Makosa katika jambo hili yaweza kuwa makubwa. Mwishoni mwa mwaka 2019 hesabu ya usiku mmoja katika England nzima ilikuwa watu 4,266. Mwezi wa Machi 2020 ule ugonjwa wa korona ulipoenea, serikali iliyaagiza mabaraza yote kuwaingiza ndani wote walalao nje, pamoja na wale walalao katika mabweni ya kulala wengi chumba kimoja, na wale waliokuwa karibu kutupwa njiani. Hoteli zikafunguliwa. Kufikia mwisho wa Novemba mwaka ule, kwa ushahidi wa wakaguzi wakuu wa fedha za serikali, watu waliokwisha kusaidiwa walikuwa wapata 33,000. Lau mtu angaliisoma ile 4,266 kana kwamba ndiyo hesabu ya wahitaji wote, akatengeneza vitanda 4,266 na kufunga mlango, wangapi wangalibaki nje wakati wa tauni?

Swali la tatu: Walihesabuje?

Katika England kila baraza huchagua usiku mmoja wa kawaida kati ya tarehe 1 Oktoba na 30 Novemba. Mabaraza mengine hutuma watu kuzunguka usiku wa manane wakihesabu kwa macho. Mengine hayazunguki, badala yake hukutana na polisi, watu wa dini, vyama vya kusaidia maskini na wengine wawajuao walalao nje, wakakadiria pamoja idadi ya walala nje wa usiku ule. Mengine huchanganya njia zote mbili. Kisha watu wa nje ya baraza huzipitia hesabu hizo na kuzithibitisha.

Kila njia ina faida yake na upungufu wake. Jicho halidanganyi, lakini haliwezi kuona pote. Wilaya ya mashamba ina maghala, vichaka na motokaa zilizoachwa; watu sita wenye taa hawawezi kuipekua yote usiku mmoja. Tena wako wajifichao kwa makusudi. Mwanamke asiye na nyumba hujua kwamba akilala mahali pa wazi aweza kudhuriwa. Kwa hiyo wengi hawajilazi. Hutembea mpaka kupambazuke, au hupanda basi la usiku na kuzunguka nalo, au hukaa mahali palipo na taa kama mtu angojaye jamaa yake. Lakini mnakumbuka maana ya neno: mlala nje ni aliyejilaza au aliye karibu kujilaza. Mwanamke aliyekaa katika basi hakujilaza. Katika hesabu ya mwaka 2023 wanawake walikuwa kadiri ya 15 tu katika kila watu 100. Mwenye busara hatasema upesi kwamba wanawake hawapatwi na shida hiyo. Atauliza kwanza kama jicho la mhesabuji lingaliweza kuwaona.

Wala msidharau kisio. Watu wengine wakisikia kwamba hesabu ni ya kukadiria, husema, "Ah, basi si kitu." Sivyo. Mkulima akitazama shamba lake aweza kukadiria magunia kabla ya kuvuna, naye hukosea kidogo tu, kwa kuwa alijua shamba lake. Kisio la ajuaye lapita hesabu ya asiyejua pa kutafuta. Lililo haki ni kwamba tuambiwe wazi lipi limehesabiwa na lipi limekadiriwa, ili tujue uzito wa kila moja.

Swali la nne, nalo ndilo lisahauliwalo kuliko yote: Je, hesabu ya jana na ya leo zimepatikana kwa njia moja?

Mwaka 2009 hesabu ya serikali ya walalao nje katika England ilikuwa watu 464. Majira kama yale mwaka 2010 ilikuwa 1,247. Je, watu walimiminika njiani kwa mwaka mmoja hata wakazidi maradufu? La. Kabla ya hapo, baraza lililodhani kwamba halina zaidi ya walala nje kumi halikulazimishwa kuhesabu, na watu wake wachache hawakuingia katika jumla. Mwaka 2010 serikali ikaagiza kila baraza litoe hesabu au kisio. Katika wale 1,247, waliohesabiwa kwa macho walikuwa 440 na waliokadiriwa walikuwa 807. Yaani hesabu ya macho, ukiilinganisha na mwenziwe wa mwaka uliotangulia, ilikuwa imepungua kidogo! Watu hawakuongezeka kwa kadiri ile. Taa ndiyo iliyoongezwa mafuta, wakaonekana waliokuwa gizani.

Baada ya hapo njia haikugeuka sana, kwa hiyo twaweza kulinganisha mwaka kwa mwaka. Mwisho wa mwaka 2010 walikuwa 1,768. Mwaka 2017 walikuwa 4,751. Hayo sasa ni maongezeko ya kweli, maana kipimo ni kile kile. Wakapungua wakati wa korona, kwa sababu niliyokwisha kuieleza, kisha wakapanda tena hata kufika 4,667 katika mwaka 2024.

Hesabu yaweza pia kupungua pasipo shida kupungua. Mwaka wa serikali wa 2003 hadi 2004, kaya zilizokubaliwa na mabaraza ya England kuwa hazina nyumba, na kwamba baraza lina wajibu kamili wa kuzipatia makao, zilizidi 135,000. Mwaka wa 2009 hadi 2010 zilikuwa 40,000 tu. Kwa mtazamo wa kwanza ni habari ya kushangilia. Lakini katika miaka hiyo mabaraza yalikuwa yameanza desturi mpya. Mtu alipofika barazani hakuandikwa mara moja kuwa hana nyumba. Kwanza alisaidiwa kwa njia nyingine: kusemewa na mwenye nyumba, kusaidiwa deni la pango, au kutafutiwa chumba cha kupanga. Aliyesaidiwa hivyo hakuingia katika daftari la kwanza, bali aliandikwa katika daftari jingine. Na daftari hilo la pili, katika mwaka wa 2014 hadi 2015, lilikuwa na visa zaidi ya 200,000.

Sisemi kwamba desturi ile ilikuwa mbaya. Kumzuia mtu asianguke ni bora kuliko kumwinua akiisha kuanguka. Nasema tu kwamba aliyelisoma daftari la kwanza bila la pili alijidanganya. Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza, ambayo kazi yake ni kuzichungua hesabu za serikali bila kumwogopa mtu, ililiona jambo hilo. Mwezi wa Desemba 2015 ilisema kwamba hesabu za walalao nje, na zile za watu waliosaidiwa wasipoteze nyumba, hazijafikia kipimo kinachostahili kuitwa takwimu za taifa. Baadaye sheria mpya ilipitishwa mwaka 2017, ikaanza kutumika Aprili 2018, nayo ikayalazimisha mabaraza kuwasaidia watu mapema na wengi zaidi, na kuandika habari zao kwa ukamilifu zaidi. Ndiyo maana hesabu za kabla ya Aprili 2018 na za baada yake haziwezi kuwekwa katika mizani moja.

Basi hayo ndiyo maswali manne: Ni nani? Ni wakati gani? Ni kwa njia gani? Na je, kipimo kimegeuzwa?

Labda kijana mmoja atasema, "Bwana, ikiwa hesabu zina mashaka kiasi hicho, si heri tuziache?" La, mwanangu, usiseme hivyo. Nimeyaleta maswali haya ili tuzisome hesabu vizuri, si ili tuzitupe. Mwenye cheo hupenda kuchagua hesabu ndogo, na mshindani wake hupenda kuchagua kubwa. Lakini mtu asiye na nyumba hana gazeti, hana baraza, wala hana mahali pa kupigiwa barua. Hesabu ndiyo sauti yake. Fedha za vitanda, za waganga na za nyumba mpya hugawanywa kwa kuitazama hesabu hiyo. Akiachwa nje ya daftari, ameachwa nje mara mbili: nje ya nyumba, na nje ya fikira za wenye kuamua.

Nami nitawaonyesha mfano wa hesabu iliyofungua macho ya watu. Kwa miaka mingi hakukuwa na hesabu ya serikali ya wafu waliokuwa hawana nyumba. Mwezi wa Desemba 2018, ofisi ya takwimu ya nchi ile ilitoa kwa mara ya kwanza hesabu ya vifo hivyo katika England na Wales. Makarani walipekua daftari za vifo wakitafuta alama, kama vile marehemu aliyeandikwa kwamba hana makao maalumu, au makao yake yalikuwa bweni la maskini. Kisha wakakadiria wale ambao huenda daftari halikuwatambua. Mwaka uliofuata wakatoa hesabu ya mwaka 2018: vifo 726. Na umri wao? Wanaume walikufa wakiwa na miaka 45 kwa wastani, na wanawake 43, hali wanaume wa nchi ile kwa jumla walikufa wakiwa na miaka 76, na wanawake 81.

Na hiyo pia ni hesabu, yafaa kuulizwa maswali yetu manne kama nyingine. Lakini wasikilizaji wangu, ikiisha kuulizwa, yabaki. Miaka 30 na zaidi imekatwa katika maisha ya mtu. Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wengi wetu hatukulilalia jiwe la njiani, na hesabu kama hii yatusaidia kujua kidogo habari za aliyelilalia.

Kabla sijawaaga, nitawapa kazi. Kenya nayo ilifanya hesabu yake mwaka 2018, ya watu waitwao familia za mitaani, na jumla yao ikawa 46,639, ambao zaidi ya 15,000 walikuwa Nairobi. Nanyi walimu, iandikeni hesabu hiyo ubaoni kesho, na wanafunzi waulize maswali yetu. Aitwaye mtu wa "familia ya mitaani" ni sawa na "asiye na nyumba"? Je, kijana ashindaye mjini akiomba, kisha jioni akarudi kwa mamaye, yumo au hayumo? Na yule mama aliyefukuzwa chumbani akaenda kubanana kwa dada yake kijijini, na watoto wanne, ni nani aliyemhesabu? Mwanafunzi atakayeweza kuuliza hayo amekwisha kuelewa maneno yangu yote.

Na ninyi msio shuleni, tazameni kijijini kwenu. Ukimjua mtu alalaye katika ukumbi wa watu, au jikoni kwa jirani, na karani wa hesabu akafika siku moja na daftari lake, usingoje aulize. Mwambie, "Bwana karani, yuko na mwingine."

Kwaherini, wasikilizaji wangu. Laleni salama, kila mtu chini ya paa lake.